Mafuta ya Haidar

Sisi watu wa mizigo tuna desturi moja ambayo hata mgeni wa juzi huifahamu kabla hajajifunza kusema "meiyou" sokoni, yaani hakuna. Hubebi kifurushi cha mtu mpaka mwenyewe akifungue mbele yako na akionje. Kama ni unga, auweke ulimini. Kama ni achari, aitafune. Kama ni dawa, aimeze. Nimewahi kumwona mama mtu mzima, mwenye heshima zake, kakaa kitako sakafuni anatafuna dagaa mmoja kutoka kila mfuko, na kijana wa kubeba kamkodolea macho, na mama wa watu wala hakununa. Tumeshapoteza vijana wa kutosha kwa vifurushi vya "nifikishie tu, ni vitu vya nyumbani."

Lusajo, kijana aliyebeba mzigo wetu, aliifuata desturi hiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wetu wa Guangzhou wana midomo, na wapo wanaosema kijana alikuwa mzembe. Hakuwa mzembe. Na mimi simtetei mtu kwa kumwonea haya. Anayemjua Hafidha wa Zhanqian Road anajua kwamba ulimi wangu hauna breki. Kazi yangu ni kuwatembeza wanunuzi kwenye maduka ya jumla ya nguo, kuwasemea Kichina, na kugombana na malaobani, wenye maduka, kwa niaba yao mpaka bei ishuke. Kazi hiyo haifanywi na mtu mpole.

Kaka yangu Zubeir ndiye mpole. Yeye hupakia makontena, leo Huangpu, kesho Nansha, na jioni hurudi nyumbani na vumbi la bandari kichwani. Mkewe ni Dalila, msichana wa Malindi kwetu Unguja, na mtoto wao wa pekee ni Haidar.

Dalila ni wifi yangu, na wifi ni wifi. Toka alipoingia katika ukoo wetu hatujawahi kukaa siku nzima bila kurushiana maneno. Mimi nilimwambia biriani lake ni pilau lililokosa adabu. Yeye aliniambia nimekaa na Wachina mpaka nimesahau kucheka. Watu walidhani tunachukiana. Walikosea, lakini hakuna aliyewahi kutusikia tukisema vinginevyo.

Haidar ana usonji. Ana miaka sita na hajawahi kutamka neno. Hakutazami usoni, na ukimwita hageuki, na wageni hudhani ni kiziwi mpaka wamwone anavyoziba masikio lifti ikilia. Huvipanga vifuniko vya chupa sakafuni, vyeupe kwa vyeupe, bluu kwa bluu, na ukisogeza kimoja dunia nzima inaanguka. Hayo tuliyazoea. Lililotushinda ni kutolala, na kujing'ata. Alikuwa akijing'ata kiganja mpaka damu inatoka, na mama yake humwekea mkono wake mdomoni ili amng'ate yeye badala yake. Dalila havai mikono mifupi. Mimi nilidhani ni ucha Mungu mpaka siku nilipomkuta anatawadha.

Dada yake Dalila, Hasna, ameolewa Johannesburg. Ndiye aliyesikia kwamba huko kuna madaktari wanaowapima watoto wenye usonji na kuwapa mafuta ya kanabidioli. Mafuta hayo yanatokana na mmea wa bangi, ila si yale ya kulevya. Dalila akamchukua mtoto, wakakaa huko miezi kadhaa. Walimvisha Haidar kofia ya nyaya inayosoma umeme wa ubongo, wakampa matone chini ya ulimi, wakamvisha tena. Daktari wa huko alikuwa mkweli. Alisema mistari ya ubongo wake imebadilika kidogo, lakini maana yake bado hawaijui, na wapo watoto ambao mafuta hayakuwasaidia chochote.

Haidar yalimsaidia. Usiniulize sayansi, mimi mtu wa nguo. Niliwapokea uwanja wa ndege na kile kiganja kilikuwa kimepona. Usiku ule alilala mpaka asubuhi, na Zubeir akaamka alfajiri mara mbili tatu kwenda kumsikiliza kama anapumua.

Lakini mafuta yale huku ni haramu. Sheria ya China haikuulizi haya ni ya kulevya au ya kutibu. Ikionekana chembe ya bangi ndani yake, basi ni bangi. Dalila alirudi bila hata tone, kama alivyoelekezwa. Alitumai kwamba yaliyobadilika yamebadilika. Haikuwa hivyo. Kabla mwezi haujaisha Haidar alikuwa macho usiku kucha, na mkono wa mama yake ukarudi mdomoni mwake.

Sasa hapa ndipo palipofanyika kosa, na ni kosa la mama. Dalila alimwomba dada yake amimine mafuta yale kwenye chupa ya habbat soda, yale mafuta ya mbegu nyeusi. Kila nyumba ya Kiislamu ina chupa ile, nani ataishangaa? Lusajo, kijana wa Tukuyu anayezunguka Johannesburg, Dar na Guangzhou na biashara ya vipuri, alikuwa njiani kuja. Hasna akampelekea chupa. Lusajo akamwambia, kwa adabu zake zote, "Samahani dada, fungua uonje." Hasna akafungua, akamimina kijiko kizima, akasema Bismillahi, akameza, akaramba na midomo. Lusajo akaridhika, akaitia kwenye begi. Desturi yetu imewekwa kwa ajili ya watu wabaya. Haikufikiri kwamba siku moja atakuja mtu mwema na kitu ambacho yeye mwenyewe angekinywa kwa furaha.

Walimkamata pale pale uwanjani, begi halijafika kwenye mlango wa kutokea.

Habari zilinifikia nikiwa dukani na wateja wa Nairobi, kina Njoki, tunabishana bei ya suruali za jinzi. Nikaacha kila kitu. Njoki akaniuliza, "Kwani nani amekufa, Mama?" Nikamwambia bado hatujajua.

Dalila nilimkuta jikoni kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakunificha. Alinieleza yote kwa pumzi moja, na mimi nikamtukana kwa pumzi moja vilevile. Nilimwita mjinga, nikamwita muuaji. Hakujibu. Hilo ndilo lililonitisha, maana hajawahi kuniachia neno lipite bila kulijibu.

Sisi tuna desturi nyingine, ya pili kwa ile ya kuonja. Mzigo ukileta balaa, mwenye mzigo hujitokeza. Asipojitokeza, hakuna atakayembebea tena hata sindano, wala hakuna atakayemwitikia salamu. Zubeir hakungoja mtu amkumbushe. Alivaa shati safi akaniambia, "Twende ukanisemee Kichina. Mzigo ni wangu."

Tulikwenda. Ofisa alikuwa mtu mzima mwenye subira, akatukaribisha viti. Nikamtafsiria maneno ya kaka yangu: mafuta ni yangu, kijana hajui kitu. Ofisa akamtazama, akachukua simu ya Lusajo iliyokuwa mezani, akabonyeza. Sauti ya Dalila ikatoka, nyembamba, ya kwetu kabisa: "Lusajo mdogo wangu, ni habbat soda tu ya mtoto. Mungu akulipe kheri."

"Muulize," ofisa akaniambia, "hii ni sauti yake?"

Zubeir ana sauti ya muadhini. Alikohoa. Akasema, "Mwambie nilikuwa na mafua."

Nilitafsiri. Ningefanyaje? Ofisa hakucheka. Alisema kwa upole kwamba wanamngoja mwenye sauti ile, na wakimpata na akasema kweli, kijana ataachiwa. Tulipotoka nje Zubeir alikaa kwenye ngazi akalia mbele ya watu, na mimi nikasimama mbele yake nikimkinga na mtandio wangu.

Nilirudi nikiwa nimeshaamua, nikamkuta Dalila bado yuko jikoni juu ya ndoo yake. Nilimwambia akimbie. Ndiyo, mimi. Nilimwambia, "Sauti yako wanayo, ila jina lako hawajalipata bado. Mchukue mtoto, panda ndege, kesho uko Unguja. Wacha watu waseme. Watasema mpaka watachoka."

"Na Lusajo?"

"Lusajo kijana. Atatoka."

"Atatoka lini, wifi? Yule naye ana mama."

"Na Haidar hana?" Nilipiga kelele mpaka Haidar akaziba masikio. "Mtoto huyu hamjui mtu mwingine! Nani atampa mkono wa kung'ata, mimi?"

Haidar alikuwa sakafuni na vifuniko vyake, ametupa mgongo. Dalila akamwita, "Haidar." Hakugeuka. Akamwita tena, mara nyingi, kwa sauti ya kawaida tu. Mtoto akachukua kifuniko cha bluu akakiweka mahali pake.

"Unaona?" akaniambia. "Miaka sita nimemwita hivi. Nilikuwa nikilia kwa hili. Leo namshukuru Mungu. Yule hatajua kama nimeondoka, wifi. Mkono wa kung'ata ni mkono tu. Ingekuwa ananijua, wallahi nisingekwenda. Ningemwacha Lusajo aozee huko na Mungu angenihukumu."

Mimi niliyeshinda malaobani wote wa Zhanqian Road, siku ile wifi alinishinda.

Alikwenda kujisalimisha kesho yake asubuhi. Alinionyesha jinsi ya kumpikia wali, ukauke na usiguse mchuzi. Alinionyesha sahani yake, na upande wa kitanda anaoupenda. Kisha akapiga magoti akambusu mtoto shavuni. Haidar akalipangusa lile busu kwa mgongo wa mkono, kama anavyofanya kwa kila mtu, akaendelea na kazi yake. Dalila akanitazama kuhakikisha nimeona. Alikuwa anatabasamu, na lile tabasamu sitaki kulikumbuka.

Lusajo aliachiwa. Alikuja nyumbani amekonda, akaniamkia shikamoo, akakaa ukingoni mwa kochi na kukataa chai. "Dada Hafidha," akasema, "mimi nilimwonjesha." Nikamwambia najua. Akarudi kwao Tukuyu na hajarudi tena China.

Dalila akabaki ndani kungoja kesi. Huku ndugu haruhusiwi kumwona mtu aliye mahabusu. Anayeingia ni wakili peke yake. Tulimpata Wakili Chen, mwanamume mwembamba anayesema polepole kama anayehesabia maneno yake kodi, na kwa kuwa Zubeir Kichina chake ni cha bandarini tu, simu za wakili zilikuja kwangu. Kila alipotoka kumwona Dalila alinipa habari za kesi, halafu mwisho akasema: "Na ameuliza swali lake." Swali lilikuwa moja tu. Je, Haidar anamtafuta?

Nilikuwa namjibu kweli. Hapana, hamtafuti. Nilihamia kwa kaka yangu, na nilimwona mtoto asubuhi na jioni. Hakwenda mlangoni, hakunusa nguo za mama yake, hakulia zaidi ya alivyokuwa akilia. Alining'ata mimi sasa, na nilijifunza kutopiga kelele. Niseme wazi kwamba nilimchukia kidogo. Nilimtazama anavyopanga vifuniko nikasema moyoni, mama yako yuko ndani kwa ajili yako, na wewe hata kichwa huinui. Mtoto wa miaka sita, nami namwekea kinyongo! Ndivyo uchungu unavyomfanya mtu.

Kisha akaanza kuganda. Anakula, ghafla kijiko kinasimama hewani na macho yanabaki wazi yakitazama pasipo kitu, halafu anarudi. Siku moja alianguka. Nikamkimbiza hospitali, na Daktari Lin, mama wa makamo aliyevaa viatu vya mazoezi, akasema lazima apimwe umeme wa ubongo. Watoto wenye usonji wengi hupata na kifafa.

Haidar aliikataa kofia. Aliikataa kwa meno na kwa mateke, wauguzi wawili wakashindwa. Nilijaribu katuni, nikajaribu vifuniko. Mwisho, kwa kukata tamaa, nilifungua simu yangu nikatafuta sauti ya Dalila. Hakunitumia hata siku moja ujumbe wa upole, kwa hiyo niliupata wa ugomvi. "Wifi, nyanya ulizoniletea zimeoza, au ndiyo mapenzi yako kwangu? Na huyo aliyekuuzia nyanya, naye ni Mchina au ni ndugu yako?"

Haidar akaacha kurusha miguu. Uso haukubadilika hata chembe. Alikuwa anatazama taa ya darini. Lakini alilegea, na wauguzi wakamvisha.

Kipimo kilichukua muda. Kila akianza kutapatapa niliupiga tena ujumbe wa nyanya. Baadaye nikaona Daktari Lin amesogeza kiti karibu na kioo cha mashine.

"Hiyo ni sauti ya nani?" akauliza.

"Ya mama yake."

"Ipige tena. Sasa inyamazishe. Sasa sema wewe."

Nikasema. Nikamwita Haidar, nikamwimbia hata wimbo wa kitoto. Daktari akamwambia muuguzi aseme kitu, akasema. "Sasa mama."

Nikaupiga. Daktari akaweka kidole kwenye kioo. "Tazama hapa. Haya mawimbi makubwa ya taratibu ni ya ubongo uliotulia, haujishughulishi na kitu. Wewe ukisema, yanabaki hivi hivi. Muuguzi akisema, hivi hivi. Mama akisema, yanavunjika. Kila mara. Anasikiliza."

"Lakini hageuki," nikamwambia. "Hajawahi kugeuka. Akimwita hageuki!"

"Kugeuka ni jambo jingine," akasema. Akatafakari, akaongeza kwamba yeye ni daktari wa nyaya, hawezi kuniambia mtoto anahisi nini, na mstari si moyo. Anachoweza kuniambia ni kwamba ubongo huu unaitambua sauti hii na kuizuia isipotee kati ya nyingine. "Mama yake amesafiri?"

Nilikuwa natazama mistari ile inavyochachamaa juu ya maneno ya nyanya zilizooza, na chini yake mtoto kalala kimya, macho kwenye taa. Miaka sita alikuwa anamsikia. Alimsikia siku ile jikoni pia, kila alipomwita. Na kama alimsikia akiwapo, basi amesikia na kutokuwapo kwake, kutwa kucha, na hana mdomo wa kuniuliza yuko wapi. Nililia pale mpaka muuguzi akaniletea maji.

Dawa za kifafa alipewa, na zinamsaidia. Zubeir nilimweleza usiku ule ule. Akasema, "Dalila asijue." Nikamwambia Dalila ana haki ya kujua. Amengoja habari hii toka mtoto amezaliwa. Angeuza macho yake ili aisikie. Kaka yangu akasema, "Na akishaisikia, atakaa vipi mle ndani?" Tuligombana, mimi na kaka yangu mpole, na hatukufikia mwisho.

Wakili Chen alipiga simu siku ya Alhamisi, nikiwa Zhanqian Road katikati ya watu na marobota. Hukumu, alisema, huenda ikawa ya miaka kadhaa gerezani, kisha kurudishwa kwao. Dalila amepokea vizuri. "Na ameuliza swali lake."

Watu walikuwa wananipita na mikokoteni. Nilikuwa na ile habari mdomoni kabisa, tayari. Anakujua, wifi. Alikuwa anakujua siku zote. Nikamwona amekaa juu ya ile ndoo, anasema ingekuwa ananijua, wallahi nisingekwenda.

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie hata hana habari kama ameondoka. Anakula, analala, anacheza."

Wiki iliyofuata alinipigia tena. Alisema alipompa Dalila jibu langu alifunika uso akamshukuru Mungu, na askari wa kike wa zamu amesema kwamba tangu siku hiyo analala. Kisha akasema ana ujumbe, na angependa kuufikisha kama ulivyo.

"Anasema, mwambie wifi yangu nimemwamini. Angekuwa mtu mwingine ningesema ananionea huruma, lakini Hafidha hajawahi kunionea huruma hata siku moja."

Nikamshukuru wakili. Jioni nilikwenda nyumbani, nikampikia Haidar wali mkavu, na alipokwisha kula nikakaa naye sakafuni nikampigia sauti ya mama yake.